Tairi la Nyuma Kushoto

Mimi ni fundi wa springi, na pale gereji wenzangu huniita Milimita. Wananicheka kwa sababu gari likiinama upande mmoja kwa unene wa kucha tu, silitoi.

Siku moja jua linazama, nakusanya spana zangu, nesi mmoja akaingiza gari kuukuu, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Alikuwa na boksi la springi za kushushia gari, zenye pete unazozungusha kupandisha au kushusha kila kona peke yake.

"Dada, kwa mashimo yetu haya, unalishusha la nini?"

"Lishushe hadi tairi la nyuma kushoto likaribie bodi. Gari likiwa tupu, lisiguse. Mtu mmoja akikaa pale, liguse."

Nikacheka. Watu hushusha magari yapendeze, sijaona anayeagiza tairi lisage bodi.

Yeye hakucheka.

"Nataka nisikie akipanda," akanong'ona.

Sikumuuliza nani. Aliniachia ufunguo na onyo moja: nikilijaribu barabarani, nisisimame mlangoni kwa mtu yeyote. Nikaona ni mambo ya uchovu wa zamu.

Kesho yake nikafunga springi zote nne. Nikapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Mbele, sawa. Nyuma kulia, sawa. Nyuma kushoto... sentimita mbili chini. Nikapandisha pete, nikalisukuma gari mbele na nyuma ili springi zikae, nikapima tena. Sawasawa. Nikaenda kunawa mikono, kurudi...

Chini.

Nikazibadilisha nafasi springi za nyuma, ya kulia ikaenda kushoto. Kona ileile ikalala. Nikafungua mlango wa nyuma. Hamna mtu. Kulikuwa na harufu ya shuka lililolaliwa na mgonjwa siku nyingi, na kiti kimebonyea katikati. Nikaufunga mlango polepole, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Niliogopa, sikatai.

Hata hivyo kazi ni kazi. Nilisubiri hadi gari lilipoinuka lenyewe, nikaweka vipimo alivyotaka, nikakaza pete. Magharibi nikalitoa kulijaribu. Mita mia za kwanza, kimya. Kisha...

Krrr. Krrr.

Barabara ilikuwa tambarare kabisa. Sikutazama kioo.

Simu ikalia. Mama. Ninaishi naye, na kifua chake kinamsumbua miaka mingi. "Mwanangu, pumzi hazitoshi. Dawa imeisha."

Nani angekumbuka onyo la nesi hapo? Nikanunua dawa, nikasimama mlangoni kwetu, nikaingia mbio. Dakika tatu tu. Nilipotoka, mlango wa nyuma kushoto ulikuwa wazi.

Kurudi gereji, tairi halikulia hata kidogo. Nikajisifu kwa vipimo vyangu, mjinga mimi.

Usiku huo mama akaniita kwa sauti ndogo.

"Nani huyu umemlaza miguuni kwangu? Ni mzito, baba. Mwambie asogee."

Godoro lilikuwa limebonyea upande wa miguu. Harufu ilikuwa ileile.

Hadi asubuhi mama hakuweza kusogeza miguu, na pumzi zilikuwa zinakatikakatika. Nikamwacha na jirani, nikaenda kukabidhi gari. Nesi alilizungusha uwanjani mara mbili. Kimya. Akashuka analia kwa furaha.

"Kashuka! Fundi, alishukia wapi?"

"Sijui," nikasema.

Ndipo akanieleza. Anayepanda alikuwa mgonjwa wa wodini kwake, hana ndugu, hakumbuki kwao. Nesi akamwahidi kuwa akipata nafuu atampeleka nyumbani kwa gari lake. Hakupata nafuu. "Nilisema tu ili alale," akasema. "Tangu hapo kila nikiondoka kazini, anapanda. Hujui fundi, leo nimezaliwa upya."

Ningeweza kumwambia ukweli. Nilimfikiria mama.

"Dada, nipitishe nyumbani kwa mama mara moja. Nimesahau kitu."

Alinipeleka huku anaimba. Nilipanda nyuma, kushoto, tairi likasaga kwa uzito wangu. Tulipofika nikashuka, nikamwambia nitarudi kwa miguu, nikauacha mlango wazi. Nikaingia kwa mama, nikainama penye miguu yake, nikanong'ona:

"Gari la kwenda nyumbani limekuja."

Godoro likainuka.

Mama akavuta pumzi ndefu, akakunja magoti. Huko nje mlango wa gari ukafungwa. Kwa upole.

Kupitia dirishani nililiona gari likiondoka. Wimbo wake bado ulisikika. Kisha, krrr... krrr... Wimbo ukakatika. Taa za breki zikawaka pale konani, zikakaa hivyo muda mrefu sana. Nesi hakugeuka nyuma. Mwishowe akaendelea na safari.

Mama sasa anatembea hadi uani. Nesi nilikutana naye wiki iliyopita nje ya duka la dawa. Nilitaka ardhi inimeze. Amekonda. Nilitarajia matusi, hata kofi ningelipokea.

"Mama hajambo?" akaniuliza.

"Hajambo, dada."

"Afadhali." Akanigusa begani. Kisha akazunguka gari lake, akafungua mlango wa nyuma kushoto, akamsubiri mgonjwa wake apande.