Mwaka na Siku Moja

Jioni ile nilikuwa nimetumwa maziwa.

Duka liko mwisho wa ukuta wa nyumba zetu pale Al Wukair, huku nchi ya Waarabu nilikokuja kufanya kazi, mwendo wa dakika saba. Ilikuwa Desemba, jua linazama mapema na hewa inataka sweta. Nikanunua paketi mbili, nikaanza kurudi. Adhana ya magharibi ilikuwa bado.

Nilipofika kwenye kiwanja kitupu kilicho nyuma ya nyumba, nikasikia harufu ya rangi ya viatu.

Nikasimama. Hakukuwa na mtu. Mchanga tu, na rundo la matofali yaliyoachwa na wajenzi.

Halafu hatua... Upande wangu wa kushoto. Polepole, mguu wa kulia ukiburutwa kidogo, kama mtu aliyesimama kazini kwa saa kumi na mbili.

Sikukimbia. Nitasema ukweli: nilifurahi. Mume wangu Japheth alikuwa mlinzi wa hoteli kule West Bay, na kila Ijumaa kabla ya kuja kuniona alipiga viatu vyake rangi mpaka ving'ae. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu azikwe. Na kwa miezi hiyo mitano, kila jua lilipozama, alikuwa akija kutembea nami.

Mimi nimelelewa katika imani. Sijawahi kukanyaga kwa mganga, hata miaka ile nilipokosa kazi nyumbani. Kwa hiyo haya ninayaandika kwa uchungu, wala simfundishi mtu kuyafanya.

Mwajiri wangu ni mwanamke mzee wa Ireland, tunamwita Mama Phyllis. Ujanani alifundisha shule Kitale, ndiyo maana Kiswahili anakijua, cha zamani kidogo. Nyumba ni ya mwanawe, ambaye husafiri sana kikazi, na mimi ndiye ninayekaa na mama. Mumewe, Augustine, alifariki miaka kumi na sita iliyopita. Tangu nianze kazi pale, kila jioni aliniambia niandae chai vikombe viwili, cha kwake na cha marehemu. Cha marehemu kilipoa, nikakimwaga. Niliona ni upweke wa uzee, sikuuliza.

Alipenda kunisimulia jinsi watu wa kwao walivyooana zamani. Mshenga alikaa sokoni siku ya gulio, na mkulima akaenda kumweleza ana ng'ombe wangapi na anataka mke wa namna gani. Wasichana walikata mkate wa sikukuu, na aliyekuta pete ndani ya kipande chake aliolewa kabla mwaka haujaisha. Pete yake mwenyewe ilikuwa na mikono miwili inayoshika moyo. Nikamwambia hata kwetu mshenga yupo, ila akikaa sokoni watu watamwuliza bei ya nyanya. Alicheka mpaka akakohoa.

Na kulikuwa na desturi ya kufungwa mikono. Mwanamume na mwanamke walifungwa pamoja kwa utepe, mkono wa huyu na mkono wa yule, wakaishi mwaka mmoja na siku moja. Muda ukifika, wakiona hawafai, walirudi palepale walipofungwa, wakapeana migongo, mmoja akaenda kaskazini na mwingine kusini bila kugeuka. Basi, wameachana. Wasipofanya hivyo, wamefungwa moja kwa moja.

Mimi na Japheth tulioana kanisani Mesaimeer, Ijumaa, maana huku Ijumaa ndiyo siku yetu ya ibada. Padri alituuliza, tukaapa mpaka kifo kitutenganishe. Baadaye tukala pilau kwenye kile kiwanja nyuma ya nyumba, watu kama ishirini. Mama Phyllis akaja na utepe wa kijani, akaufunga mkono wangu wa kushoto na mkono wa kulia wa Japheth, akasema maneno ya kwao.

Wesley, dereva wa basi la kampuni aliyelala chumba kimoja na Japheth kwenye bweni la wafanyakazi kule Industrial Area, akasema kwa sauti, "Japheth, kwetu anayefungwa hivyo ni mbuzi, na kesho yake humwoni."

Japheth akamjibu, "Wewe una wivu. Hata kamba huna."

Watu walicheka. Mimi nililiona jambo lile kama baraka za bibi mzee. Sikujua kwamba siku moja tulikuwa tumeapa viapo viwili, na kimoja tu ndicho chenye mwisho.

Julai, Japheth alitoka zamu ya usiku, akaoga, akalala. Wesley aliporudi mchana alimkuta vilevile. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Walisema ni moyo.

Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, sikuweza kusafiri na mwili. Maziko ya Bungoma niliyaona kwenye simu ya Wesley, tumesimama kwenye korido, picha inakatika kila mara. Lakini kabla ya safari walinipa dakika kumi mochari. Nilikuwa nimebeba ule utepe. Nikaukata katikati kwa mkasi, nusu nikamfunga mkononi, nusu nikajifunga mimi. Nikamwambia, "Wewe na mimi bado."

Hilo ndilo kosa langu. Sikulifanya kwa uchawi. Nililifanya kwa mapenzi.

Sasa nirudi kwenye maziwa.

Niliingia jikoni, nikabandika maji. Hatua zilikuwa zimekoma mlangoni, kama kawaida. Mama Phyllis alikuwa sebuleni, hajawasha taa. Nikamwuliza kama nilete biskuti.

Akasema, "Milka, leo weka vikombe vinne."

Nikarudi jikoni, nikaongeza viwili, nikaleta trei.

Akaniambia nikae. Viti vilikuwa vinne kuzunguka meza ndogo. Nikakaa karibu na dirisha. Kiti cha upande wangu wa kushoto kilikuwa kitupu. Harufu ya rangi ya viatu ikaja... halafu mto wa kile kiti ukabonyea. Polepole. Kama mtu aliyechoka anavyokaa.

Nilisema jina la Yesu kimoyomoyo. Mto haukuinuka.

"Usiogope, binti yangu," alisema Mama Phyllis. "Ni wako. Na huyu hapa ni wangu."

Kiti cha pili nacho kilikuwa kimebonyea. Nikagundua kwamba kwa miaka yote niliyofanya kazi pale sikuwahi kuona mto wa kiti kile ukiwa umejaa.

Aliniambia mambo mengi kwa sauti ya chini. Kwamba kesho ni mwaka na siku moja tangu atufunge. Kwamba jua likizama kesho bila mimi kwenda kiwanjani kumpa Japheth mgongo, hatatoka tena, atakuwa wangu kila jioni mpaka nife. Yeye mwenyewe hakumpa Augustine mgongo, wala hakujuta. Kukata utepe hakukusaidia kitu, maana fundo hilo halijui mkasi. Aliniomba msamaha kwa kunificha, akasema alipotufunga alidhani ananipa zawadi.

Nilimwuliza kama huwa wanaongea.

"Hapana. Hukaa tu."

"Miaka kumi na sita?"

"Hukaa tu, Milka. Inatosha."

Kisha akatoa mkono wake wa kushoto kwenye mfuko wa sweta ili ashike kikombe. Ule mkono alikuwa akiuficha siku zote, nami nilidhani ni baridi yabisi. Ulikuwa umekonda, rangi ya majivu, kucha za bluu. Nilikuwa nimeuona mkono wa namna ile mara moja tu maishani.

Mochari.

Nikatazama vidole vyangu. Vilikuwa na baridi tangu Agosti. Nilikuwa nikisingizia kiyoyozi.

Lakini si mkono ulionifanya niamue. Mkono ningeutoa. Kwa ajili ya kukaa na Japheth jioni moja tu, akiwa kimya hivyohivyo, ningeutoa wote mpaka begani, na Mungu anajua. Kilichonishinda ni swali nililomwuliza Mama Phyllis kabla sijainuka.

"Mama, wanapumzika?"

Alikitazama kile kiti cha mumewe. Akakitazama muda mrefu. Kisha akaniambia nikalale.

Usiku sikulala. Alfajiri nilipiga magoti kusali rozari, nikafika pale ninapomwombea Japheth raha ya milele, na maneno yakanikwama. Kila asubuhi kwa miezi mitano nilikuwa nikimwomba Mungu ampumzishe. Na kila jioni nilikuwa nikimvuta mwenyewe kwa mkono. Ningewezaje kuomba na kuvuta kwa wakati mmoja? Nilikuwa nikimdanganya nani?

Mchana nilimpigia Wesley. Sikumweleza yote, niliogopa angesema shemeji ameharibikiwa. Nilimwomba tu amkumbuke mwenzake kwenye sala jua likizama. Aliahidi. Kisha akaniambia kwamba kitanda cha Japheth wamepewa watu watatu mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemaliza juma. Wanasema kila magharibi kuna mtu anavaa viatu.

Saa kumi na nusu nilitoka. Mama Phyllis alikuja mpaka mlango wa nyuma, akashika fremu.

"Palepale mlipofungwa," alisema. "Usitazame nyuma mpaka adhana iishe. Utampa upande gani?"

Nikamwambia kusini. Ndiko kwao. Ndiko walikomzika.

"Mimi singeweza," akasema. Akafunga mlango.

Nilisimama katikati ya kiwanja, uso kaskazini, ambako taa za mjini zilikuwa zinaanza kuwaka. Nikafungua nusu ya utepe mkononi, nikauacha uanguke mchangani. Nikasubiri.

Harufu ikaja.

Hatua zikaja, mguu wa kulia ukiburutwa. Zikasimama nyuma yangu. Halafu nikahisi mgongo wake kwenye mgongo wangu... Mabega yake yale mapana. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa ananizidi kwa kichwa kizima. Baridi ilipita kwenye sweta mpaka mifupani, lakini sikusogea. Nilikaa hivyo kwa muda. Nilimwambia nilichotakiwa kumwambia mochari. Nilimwambia, "Nenda, baba. Mimi nitakuja kwa wakati wa Mungu."

Nikapiga hatua ya kwanza.

Nyuma yangu naye akapiga.

Nikaenda, naye akaenda. Nilisikia mchanga ukisagika chini ya viatu vyake, kila hatua mbali kidogo kuliko iliyotangulia. Machozi yalinifanya nisione ninapokanyaga. Nilijikwaa kwenye tofali, nikashika ukuta, nikaendelea. Adhana ikaanza kutoka msikiti wa karibu, na wa pili ukapokea. Hatua zake sikuzisikia tena.

Nilidhani yamekwisha.

Ndipo nikaisikia sauti. Haikutoka mbali. Ilikuwa hapa, sikioni, upande wa kushoto.

"Milka. Umekula?"

Ndivyo alivyoniuliza kila Ijumaa mlangoni, kabla hata ya salamu.

Shingo yangu ilianza kugeuka yenyewe. Nikajishika kidevuni kwa mikono yote miwili. Nilisimama hivyo, nimejishika uso kama mtu mwenye jino, mpaka neno la mwisho la adhana likaisha. Kisha nikageuka.

Kiwanja kilikuwa kitupu. Hata utepe haukuwapo.

Mama Phyllis nilimkuta amekaa gizani. Nilipomweleza nilichoulizwa, alishtuka. Alisema kwao hakuna mzee aliyewahi kusimulia kwamba aliyefungwa alisema neno. Labda, alisema, alikuwa tayari amefunguka, ndiyo maana akapata sauti. Au labda hakuwa yeye. Halafu akageukia kile kiti, akasema taratibu, "Wangu hajawahi kuniuliza chochote." Alilia kama mtoto, nami nikamshika ule mkono wa majivu.

Padri nilimweleza Ijumaa iliyofuata. Hakunikemea. Alisema wafu wako mikononi mwa Mungu, na shetani huweza kuiga sauti tunazozipenda. Nilimwuliza kama shetani anaweza kujua kuniuliza kama nimekula. Akasema tutasali.

Sasa ni Machi. Vidole vyangu vina joto. Magharibi nikienda dukani natembea peke yangu, hakuna harufu, hakuna hatua. Wesley ananiambia kitandani pale analala Mganda mmoja, anakoroma mpaka wanamrushia viatu.

Ningepaswa kuwa na amani. Lakini Mama Phyllis alinikataza kutazama. Kujibu hakunikataza. Nilikuwa nimekula, wali na maharage, saa tisa. Neno moja lingetosha, nami niliogopa nikalimeza. Kama alikuwa ni yeye, basi mume wangu aliondoka duniani mara ya pili bila kujibiwa. Wala sijui kama aliondoka. Hatua zake nilizisikia zikianza. Sikuzisikia zikifika.

Kwa hiyo siku hizi nakula mapema. Jua likikaribia kuzama nafungua dirisha la jikoni linalotazama kusini, namwombea, halafu nasema polepole, "Nimekula, Japheth."

Hakuna anayejibu. Kila siku namshukuru Mungu kwa hilo, na kila siku nasubiri kidogo kabla ya kufunga dirisha.