Njiku Ametangulia

Nuru ilipanda kutoka mezani, ikajisuka ikawa ramani ya barabara. Singida ikajitokeza na mawe yake, ikafuata Katesh chini ya Mlima Hanang, Babati, Arusha, mpaka Ziwa Turkana kule juu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Mratibu, mashine iliyopanga safari zote za Kanda ya Kati tangu jua lilipoharibika tabia. Mchana, huko nje hakukaliki bila vazi-baridi. Na vazi-baridi halina betri. Kama pikipiki, linavuta nishati kutoka nguzo za barabarani, na nguzo hizo, chini ya Mratibu, humlisha kila raia kwa jina lake.

Marafiki wanne, pikipiki nne, safari waliyoiota tangu chuoni. Watatu kati yao walikuwa gereji kwa Zawia, wakibishana.

"Siku ya kwanza tunalala Namanga," alisema Mwiru.

"Kwa mgongo wako huo? Tutalala Arusha, babu," Zawia alimtania.

Mratibu akaingilia. "Msafiri wa nne, Njiku, simwoni. Nimsubiri?"

"Usimsubiri, ametutangulia," alijibu Sungi. Njiku alikuwa ameondoka asubuhi kwenda kutazama mchanga uliofunika barabara ya Katesh. Subira hakuwa nayo tangu azaliwe.

"Wenzako wanathibitisha?"

"Katutangulia huyo, kiherehere!" Zawia akapaza sauti.

"Kweli kabisa, katutangulia," Mwiru akadakia.

"Poleni sana kwa msiba," alisema Mratibu. "Jina la marehemu limefungwa."

Zawia na Mwiru wakaangua kicheko. Sungi hakucheka. Yeye ndiye mhandisi aliyeifundisha mashine hiyo Kiswahili. Zamani watu walipopeleka taarifa za vifo, hakuna aliyethubutu kutamka kwamba baba yake amekufa, na nguzo zikawa zinapoteza nishati kwa maiti. Ndipo akaifundisha lugha ya heshima: ametutoka, hatunaye, ametangulia. Mashahidi watatu walitosha. Na tuzo alipewa, jamani!

"Fungua jina! Njiku yu hai!"

"Marehemu akibainika kuwa hai, afike mwenyewe kwenye kituo cha nguzo aweke kidole."

Redio ikakwaruza. Hiyo ilikuwa na betri yake ndogo.

"Jamani, pikipiki imezima," ilikuwa sauti ya Njiku. "Na vazi nalo limezima. Kuna nini?"

Mwiru alishavaa kofia na kutoka mbio. Kufika kule ni mwendo wa saa nzima, na ndege ya uokoaji hairuki kumfuata marehemu. Sungi akapiga simu kituoni, akaomba, akatukana, akalia. Msimamizi alimsikiliza kwa upole, kisha akamwambia kwamba hakuna binadamu aliyeachiwa uwezo wa kuipinga mashine.

"Kaa kwenye kivuli cha pikipiki," Zawia alisema redioni. "Mwiru anakuja."

"Kivuli gani, dada? Jua liko utosini." Njiku alikohoa. Alijua mtu hudumu muda gani kwenye joto lile, wote walijua. "Nani kanifunga?"

"Mimi," alisema Sungi. "Nilisema umetutangulia. Nisamehe, ndugu yangu."

"Mjinga wewe," Njiku alisema akihema, bila hasira. "Basi pangeni safari, nisikie. Tukitoka Babati?"

Zawia akafuta macho, akaanza: Arusha watakula nyama choma, Namanga watabadilisha matairi, na asubuhi wataingia Nairobi kabla ya foleni.

"Foleni hiyo haikwepeki," Njiku alinong'ona.

"Tutapita pembeni, kama kawaida yako. Halafu Nanyuki. Nanyuki tunalala, sawa?"

Redio ilileta upepo.

"Njiku? Nanyuki tunalala?"

Zawia akajiinamia mezani. Sungi akaisogelea redio. Akasema kwamba Isiolo watanunua maziwa ya ngamia, Marsabit watapumzika siku mbili, na kutoka hapo barabara ni mteremko. Zawia akamshika mkono anyamaze, lakini yeye aliendelea kuzitaja kona, moja baada ya nyingine, mpaka ziwani.