Majivu ya Gare ya Kamanyola

Rafiki yangu Télesphore alinisimulia haya bila kuniangalia usoni. Mwaka wa 1998, hapa Bukavu, mke wake Lydie alikimbia risasi akiwa na kiatu kimoja mguuni; kingine kilibaki mlangoni. Hakurudi.

Télesphore, peke yake nyumbani, akaanza kutengeneza kwa karatoni mfano mdogo wa ile gare ya zamani ya Kamanyola, stesheni ya treni. Akanyunyizia majivu ya mbabula, jiko lake la makaa, mbele ya gare hiyo, yawe vumbi.

“Na batu ba kupanda treni, utabaweka wapi?” nilimuuliza.

“Batu ya nini, ndugu? Treni haiko tena.”

Jioni moja umeme ulikatika. Gizani akasikia filimbi ya treni, kisha kimlango cha karatoni kikikwaruza. Akawasha mshumaa. Juu ya majivu, nyayo ndogo kama punje za mchele zilielekea mlangoni mwa gare: mguu mmoja wenye kiatu, mwingine mtupu.