Mbio za Shangazi

Kila Jumamosi asubuhi Kipini hufuta ndege ya shangazi yake. Ndege hiyo haina injini. Huvutwa juu kwa kamba, kisha hurudi kwa kuteleza hewani tu. Kipini huanzia puani na kumalizia mkiani. Jumamosi hii alianzia mkiani.

Baba yake, fundi wa karakana na mkaguzi wa ndege, alichuchumaa kando yake, akapitisha kidole kwenye ufa mwembamba.

"Huu haukuwepo wiki iliyopita," alisema, akimtupia jicho la pembeni dada yake, yule shangazi, aliyesimama kando ya bawa. "Ni mbio zako, Dada."

"Zangu tena?"

"Unatua kama umefukuzwa na nyuki! Ndege ikigusa chini kwa kasi hurushwa juu, halafu hubwaga mkia."

"Siku ile upepo ulikuwa mkali," shangazi alijibu. "Karibu na ardhi upepo hupungua ghafla. Mwenye mwendo mdogo huanguka kama gunia, na mimi sina injini ya kuniokoa. Kasi ndiyo akiba yangu."

"Na uwanja ukiisha?"

"Hapo umesema kweli. Siku tulivu kasi ile ingenipeleka kwenye uzio. Lakini nilitua laini."

"Kila rubani hutua laini mdomoni." Baba akachukua kalamu na fomu. "Nakusimamisha. Hutarusha ndege tena hapa."

Kipini alikuwa bado anasugua palepale.

"Mkia una nini, mwanangu? Utautoboa!"

Baba akamnyang'anya kitambaa. Kilikuwa na rangi ya buluu. Akautazama mlango wa karakana: buluu.

"Niliisukuma ndege ndani peke yangu, Baba," Kipini alisema, machozi yakimlenga. "Uliniambia nisubiri mtu wa kushika bawa, sikusubiri. Mkia ukagonga mlango. Nikanyamaza."

Baba akaichana fomu. "Nisamehe, Dada. Nimekuhukumu kabla ya kukagua."

"Mbio zako leo zimepita zangu," shangazi akamjibu.

Baba akacheka kidogo, kisha akamgeukia binti yake. "Kugonga ni ajali. Lakini ufa uliofichwa ungeweza kupasukia angani, shangazi yako akiwa ndani. Ukiharibu, sema siku hiyohiyo."

"Nimesikia, Baba."

Akamrudishia kitambaa. "Leo haruki mtu mpaka niuzibe ufa. Haya, anzia puani."