Mkono wa Kushoto wa Meja Vajda

"Stesheni ya Keleti. Filamu imo ndani ya mpini wa upanga. Treni ya Vienna, saa nne kamili. Umenipata?"

"Nimekupata."

Kapteni Dezső Halmay wa upelelezi wa jeshi alizima redio, akaruka kutoka kwenye gari la Pobeda kabla halijasimama.

Saa nne kasoro dakika sita.

Bastola ya Tokarev ilikuwa kwapani, lakini ya nini? Stesheni ilijaa waandishi wa habari wa kigeni, wakipiga picha timu ya jeshi ya mchezo wa upanga, inayokwenda Vienna mashindanoni. Ukiwapekua hapo, umeiaibisha Hungaria nzima.

Vijana sita. Wa saba, Meja Tihamér Vajda, mwalimu wao.

Mwalimu wa Dezső pia. Ndiye aliyemkuta akiwa luteni asiyejua hata kushika upanga, akamfanya bingwa wa taifa. Goti la Dezső lilipovunjika na michezo ikaisha, mzee alimlisha nyumbani kwake mwaka mzima.

Jamani, awe mwingine yeyote! Afisa akiuza siri za jeshi, ni kitanzi tu.

"Dezső!" mzee aliita. "Umekuja kutuaga, au umetumwa kutupeleleza?"

Vijana wakaangua kicheko.

Dezső akamvuta kando. "Natafuta filamu ya ramani za rada, Mwalimu. Naanza na wewe."

"Mimi? Acha utani, mwanangu."

Dezső alimdonoa kifuani kwa kidole. "Nimekugusa?"

Katika ukumbi wao wa mazoezi hawakuhitaji mwamuzi. Aliyeguswa aliinua mkono wa kushoto mwenyewe, hata ikiwa ni pointi ya mwisho. Meja alifundisha hivyo miaka thelathini. Aliyedanganya alifukuzwa siku hiyo hiyo.

Mkono wa mzee ulipanda.

Akautazama kama si wake. "Mkono mpumbavu we! Umenimaliza."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Ilka wangu alikimbilia Vienna wakati wa uasi wa hamsini na sita. Miaka mitano sijamwona. Wanaoinunua filamu waliahidi kunificha huko, nizeeke karibu na binti yangu."

"Ungeniambia!"

"Ungenisaidia?"

Dezső alinyoosha mkono aupokee upanga. Alitamani asingekuja.

Mzee akamkabidhi upanga wake, filamu imo mpinini. Kisha akatoa kifurushi ndani ya koti. "Mkate wa mafuta ya bata bukini na vitunguu. Wape vijana. Wakicheza na njaa watanitia aibu."

Wanaume wawili wa idara ya Dezső, wenye makoti, walimshika mzee mikono, taratibu, kama wanaomsaidia kutembea. Waandishi hawakugeuka hata mmoja.

Filimbi ikalia. Dezső akawapitishia vijana kifurushi dirishani mwa treni.

"Mwalimu yuko wapi, afande?"

"Anaumwa. Nendeni tu."

"Mwambie apone haraka! Tukirudi na medali, yeye ndiye wa kwanza kuivaa."

"Nitamwambia."

Treni ikaondoka. Dezső aliwasha sigara ya Kossuth, akaweka upanga begani, akatoka mlango mkubwa mgongo umenyooka, akichechemea kidogo. Dereva alimfungulia gari, akaona uso wake, akaenda kuwasha injini.