Kifo Kilichoandikwa Kasonta

Prado nyeusi ilipasua umati wa soko la mtaa wa Kenya, huko Katanga, na kupanda ukingo wa barabara.

Plamedie Mutale hakupunguza mwendo. Yamaha yake ilipita kati ya meza mbili za mboga, ikakanyaga rundo la lengalenga, ikatokea upande wa pili ikinguruma.

Glock ilikuwa mkononi. Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha nyuma cha Prado. Ya pili ilitoboa bati la karakana ya mtengeneza masufuria.

Ya tatu hakuipiga.

Lori la matofali lilikuwa limesimama katikati ya njia.

"Toa lori!"

"Mama, frein inakufa, breki haishike!" dereva alilia kutoka dirishani.

"Utaifuata sasa hivi!"

Hata kitisho hicho hakikulisogeza lori. Nyuma yake, vumbi la Prado lilikuwa linazama upande wa barabara ya Mokambo, iendayo mpakani.

Redio ya Motorola ikakoroma begani.

"Kunguru, nipe habari." Ilikuwa sauti ya Adrien, mkuu wake katika idara ya usalama, akimwita kwa jina la kazi.

"Anatoroka, chef."

"Na ufunguo?"

"Anao shingoni."

"Saa sita mchana pampu zinazimika. Beko bantu mia ine chini ya mgodi. Fanya unachoweza."

"Chochote?"

"Sikusikia hilo swali."

Redio ikakatika.

Aliyekuwa ndani ya Prado ni Jean-Claude Mwape, mhandisi mkuu wa mifumo katika mgodi wa Kasonta. Kulikuwa na wageni waliotaka kuununua mgodi huo kwa bei ya maji, kwa hiyo walitaka kwanza ujae maji. Mwape aliwauzia saa ya kuujaza. Alipanga pampu zote zizimike saa sita. Kizimba cha kuwapandisha wachimbaji alikwisha kukifunga tangu alfajiri. Swichi za mkono alikuwa amezing'oa mwaka uliopita, huku wakubwa wakimpigia makofi. Ukizima kompyuta, pampu nazo zinakufa. Amri ile ingefutwa na kitu kimoja tu: ufunguo mweusi, mdogo kama njugu, usiofunguka bila kidole gumba cha Mwape mwenyewe.

Mpakani alikwisha kuwalipa watu. Akivuka kuingia Zambia, basi.

Plamedie aligeuza pikipiki.

Chumba cha mitambo cha Kasonta kilikuwa baridi kama mochari. Musonda, fundi wa mfumo, alikuwa ameketi mbele ya skrini na jasho linamtoka hata hivyo. Kaka yake Bwalya alikuwa chini, zamu ya asubuhi.

"Nielezee hii mufumo," Plamedie alisema. "Haraka. Kama kwa mutoto."

Musonda alimeza mate. "Zamani ilikuwa programu ya stoo tu. Nati na mikanda ya mashine. Kisha bakaongeza ya mishahara. Kisha ya manunuzi. Kila moja na sanduku yake. Stoo inasema iko, manunuzi inasema haiko. Fujo! Mwape akavunja kuta zote. Akaweka kisima kimoja cha habari chini. Juu ya kisima ni moduli: watu, stoo, manunuzi, fedha, matengenezo. Unaandika habari mara moja, moduli zote zinakunywa pale pale."

"Na zinaulizana kama ni kweli?"

"Ziulizane juu ya nini? Kisima ni kimoja."

Plamedie alitabasamu. Halikuwa tabasamu la kumfurahisha mtu.

"Fungua moduli ya watu. Mwape ana nani?"

Musonda alibofya. "Hana bibi. Hana mutoto. Mama yake: Edith Mwape, avenue ya nyuma ya soko la Kenya. Dada: Exaucée."

"Mama iko wapi leo?"

"Ni jirani yangu. Jana aliniambia anakwenda Mitwaba kwa bandugu. Kule simu hazipatikane."

"Vizuri. Muue."

Musonda aligeuka na kiti chake. "Pardon?"

"Mwandike amekufa."

"Mama muzima? Tantine, ile ni kulaani! Aliniletea mihogo nilipougua!"

Plamedie hakutoa bastola. Alisogeza skrini ya pili, ile yenye picha ya shimo la mgodi, akagusa mstari wa maji kwa ukucha.

"Bwalya anaogelea?"

Musonda alitazama ule mstari. Kisha akaandika.

Sekunde ile ile, Mama Edith akafa kila mahali. Moduli ya watu ilituma ujumbe wa rambirambi kwa jamaa wote. Manunuzi yaliagiza sanduku la maiti. Stoo ilitoa bunga la ugali, makala ya kupikia na bashi, turubai la kukalia waombolezaji. Fedha ililipa gari la kubebea. Hakuna karani aliyeulizwa, wala daktari. Kampuni za shaba za Katanga zimezoea kuzika watu wao, na Mwape aliufanya mfumo uzike haraka kuliko binadamu.

Lori la kampuni lilipofika mtaa wa Kenya, nyumbani kwa Mama Edith, kilio kilikwisha kuanza.

Plamedie alifika amejifunga vitenge viwili na kitambaa kichwani, Glock imelala tumboni. Akaketi chini kati ya wanawake, karibu na sanduku lililofungwa. Ndani yake mlikuwa na gunia la bunga, ili libebeke kama mtu. Wanaume walikaa upande wa pili kwenye viti vya plastiki, wakishauriana kwa sauti nzito nani akanunue sukari.

Exaucée, dada ya Mwape, alikuwa amevua viatu na anapiga uso kwa viganja.

"Mama eeh! Uliniacha na nani? Hata kuniaga haukuniaga!"

Simu yake ililia. Plamedie alinyoosha shingo.

"Yaya Jean-Claude! Ni kweli, kaka yangu! Kampuni ilileta sanduku. Iko hapa mbele yangu... Hapana, bado hatujafungua, tunakungojea. Weye ndiye mutoto wa kwanza, nani atafungua mbele yako? ... Yaya? Uko njiani?"

Sauti ya Adrien ikanong'ona sikioni mwa Plamedie. "Prado imegeuka, Kunguru. Anaikimbiza kama kichaa."

Bila shaka Mwape alikuwa amejiuliza kama ni mtego. Akampigia dada yake, na dada alikuwa amelijua jambo kwa ujumbe wa mfumo. Akampigia kasisi. Kasisi alilijua kwa dada. Mtu aliyejenga kisima kimoja alikuwa anakunywa maji yake mwenyewe, kikombe baada ya kikombe.

Kulia kwa Plamedie aliketi mama mnene, mpole, Laurentine, mdogo wake Mama Edith. Alikuwa halii. Alikuwa anahema.

"Moyo yangu," alimnong'oneza Plamedie. "Mwanangu, nipatie maji."

Bomba lilikuwa nyuma ya nyumba.

Prado ilipiga breki nje ya geti.

Plamedie hakusimama. Laurentine alilaza kichwa begani mwake. Kichwa kikawa kizito. Kikazidi kuwa kizito. Plamedie aliujua uzito ule. Kazi yake ilikwisha kumfundisha.

Geti lilikuwa linafunguka. Hakugeuka.

Jean-Claude Mwape aliingia bila kiatu kimoja, shati limechanika. Alianguka juu ya sanduku, akalikumbatia.

"Mama! Mama, nilikuwa nakuya! Nilikuwa nakuya kukuchukua!"

Akang'oa kifuniko.

Akatazama gunia.

"Pole kwa msiba," Plamedie alisema, na mdomo wa Glock ukagusa kisogo chake.

Mwape alielewa yote mara moja. Alikuwa na akili, hilo hakuna aliyempinga. Alikunja ngumi na kukificha kidole gumba ndani.

"Umechelewa. Saa sita imekaribia. Sifungue."

Plamedie aliuvuta ufunguo kutoka shingoni mwake, akauchomeka kwenye kompyuta ndogo aliyoificha ndani ya kitenge. Akaishika ngumi.

"Mfumo unajua kidole kimoja tu. Hivi vingine hauvijui."

Kidole kidogo kilivunjika kwa sauti ya kijiti kikavu. Exaucée alipiga yowe. Wanaume walisimama, wakaiona bastola, wakaketi.

"Mushenzi!" Mwape alilia.

"Kiko kingine."

Ngumi ilifunguka. Kidole gumba kikagusa ufunguo. Taa ndogo ikawa kijani.

"Kunguru!" Ilikuwa sauti ya Musonda redioni, inapasuka. "Pampu zinashika! Kizimba kinapanda! Bwalya yuko ndani, namuona ku kamera!"

"Vizuri."

"Tantine... nimufufue sasa mama Edith? Mufumo inakataa. Mwape hakuweka njia ya kurudisha mufu."

"Jaribu kesho."

Watu wa idara walimwingiza Mwape garini. Hapo ndipo wanawake walipogundua kwamba Laurentine hakuwa amelala.

Kilio kilianza upya. Safari hii hakikuwa na ujumbe wala lori la kampuni.

Alasiri, pikipiki ya kukodi ilisimama getini. Mama Edith alishuka, kikapu cha safari mkononi. Basi lake lilikuwa limekufa kabla ya kufika mbali, na huko njiani mtu alimwambia yeye mwenyewe amekufa. Vijana wawili waliruka ukuta kwa hofu. Yeye hakuwatazama. Aliliendea sanduku lake. Gunia lilikuwa limetolewa, na mdogo wake amelala humo, mikono kifuani.

Kisha akamwendea Plamedie, aliyekuwa anawasha Yamaha.

"Banasema uliikala pembeni yake."

"Ndiyo, mama."

"Alikuomba maji."

"Aliomba."

"Na ulijua anakufa."

"Nilijua."

"Mwanangu Jean-Claude ni mubaya, bamufunge. Lakini huyu alikosa nini? Omba pardon, omba musamaha, mwana. Neno moja tu, nimuzike nalo."

Plamedie alivua kitambaa cha msiba, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kikapu cha bibi. Akavaa miwani.

"Siombi, mama."