Sauti ya Rubani wa Vifurushi

Redio ya mnarani ilikuwa imezimwa, waya wake umechomolewa ukutani, lakini ilikohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu cha mvutaji sigara. Kidevu, mwongoza ndege mkuu, aliipiga kofi kama mbuzi aliyekula nguo, akaendelea kunywa chai yake.

Walimwita Kidevu kwa jinsi alivyokibeba juu kidevu chake, utadhani ndege zinapaa kwa sababu yeye amezihurumia. Sheria ya kazi ile hata kasuku angeiweza: mnara ukitoa agizo, rubani analirudia, na mnara unamsikiliza mpaka mwisho, ili kama kuna kosa lisahihishwe. Kidevu hakuwa na muda huo. Akishatamka tu, anapunguza sauti ya redio.

"Nishasema," huwaambia wenzake. "Wakariri wenyewe huko."

Ndivyo alivyomwingiza mzee rubani wa vifurushi kwenye njia ya kurukia, asubuhi ya ukungu, akamwambia asubiri, kisha akapokea simu ya fundi wake wa suti. Huku wanabishana kuhusu kola, akairuhusu ndege nyingine itue palepale. Mzee wa watu alifia kwenye kiti chake, mkanda umefungwa. Waliotua walitolewa na mifupa iliyovunjika. Na Kidevu, mwanamume mzima mwenye nyota mabegani, akasema marehemu aliingia bila ruhusa. Mashine ya kurekodi ilikuwa mbovu tangu zamani, kwa uvivu wa Kidevu huyohuyo. Tume ilikuwa inakuja kuamua, na mjane wa marehemu, karani wa tiketi ghorofa ya chini, alikuwa tayari anakwepwa dirishani kwake kana kwamba yeye ndiye aliyegonga.

Baada ya kikohozi ikaja sauti. "Mnara, bado nipo kwenye njia ya kurukia. Nasubiri."

"Bosi, umesikia?" msaidizi wake akanong'ona.

"Sijasikia kitu. Na wewe hujasikia."

Kesho yake harufu ya mafuta ya ndege yanayoungua iliingia kwenye chai. Kisha ikaingia kwenye mto wake wa kulalia, na sauti nayo ikahama redioni ikamfuata kwenye simu, ikatoka kwenye bomba la bafuni akiwa na sabuni machoni, ikakohoa, ikangoja, ikarudia maneno yaleyale kwa upole uleule, mpaka siku moja, akiwa ameketi peke yake sebuleni na mdomo ameuziba kwa mikono miwili, akaisikia ikikohoa ndani ya kifua chake mwenyewe.

Shujaa wetu akamwita mganga, akampitisha mlango wa uani kama mwizi wa kuku.

"Mama, nimetupiwa jini," akanong'ona. "Wenzangu wananionea wivu."

Wivu! Bibi yule akaweka sikio kifuani pake, akasikiliza.

"Hujatupiwa, mwanangu. Umemkaribisha wewe. Anangoja umjibu. Sema mbele ya watu ulimwambia nini siku ile, ataondoka."

"Nimekuita uniponye, si unihukumu!"

"Mficha maradhi, kilio humfichua," bibi akasema, akabeba mkoba wake akaenda zake.

Mbele ya tume Kidevu alivaa ile suti. Kola ilimkaa vizuri, hilo tumpe. Mjane aliketi benchi la nyuma.

"Ulimruhusu aingie?" mwenyekiti akauliza.

Kidevu akainua kidevu, akafungua mdomo aseme hapana, na harufu ya mafuta yanayoungua ikajaa ukumbini hadi wajumbe wakaziba pua, na katika koo lile lililozoea kuamuru ikatoka sauti ya kukwaruza ambayo uwanja mzima uliijua: "Mnara, narudia agizo. Umeniruhusu kuingia njia ya kurukia na kusubiri. Nimeingia. Nasubiri. Mnara, naisikia ndege nyuma yangu. Mnara, nijibu."

Hakuna aliyethubutu kujikuna. Mjane akasimama huku analia. Maneno ya mnarani aliyajua. Mumewe alikuwa akiyarudia hata usingizini.

"Nimekusikia, baba watoto. Umerudia sawasawa. Ruka."

Vioo vikatetemeka. Mngurumo wa injini ukapita juu ya paa, na nje hakukuwa na ndege hata moja. Harufu ikakatika.

Kidevu akataka kukanusha. Mdomo ukafunguka, ukafumbika, ukafunguka tena. Mzee alikuwa ameondoka, na sauti ya mwongo ameondoka nayo.

Haijarudi mpaka leo. Akitaka chumvi mezani huionyesha kwa kidevu, na mkewe asipomtazama, anakula hivyohivyo.